NAS haiwaki: ubadilishe adapta, utengeneze madabodi, ununue kisanduku kingine au usome diski kwa Linux?

Dada mmoja anayepiga picha za harusi hapa Dar es Salaam aliniletea NAS yake, kisanduku cha diski kinachohifadhi mafaili kupitia mtandao, ikiwa imeviringishwa kwenye kanga, diski zote nne zikiwa ndani. Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, na tangu hapo kisanduku kikawa kinawasha taa, feni inazunguka sekunde chache, kinazima, kisha kinaanza upya. "Fundi, kukitengeneza ni shilingi ngapi?" Nikamuuliza anataka nimwokolee kipi, kisanduku au picha. Hakusita: "Picha. Kuna harusi tatu humo na wenyewe bado hawajakabidhiwa."

Jibu hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu nitakachoeleza hapa. Mwenye nakala ya mafaili yake mahali pengine anaweza kulehemu, kubahatisha na hata kuharibu. Hasara yake itakuwa ya kisanduku tu. Asiye na nakala anapaswa kuchagua hatua ambazo akikosea anaweza kurudi alipokuwa. Nimelinganisha njia tano ninazozitumia, na nasema mapema kwamba naegemea upande mmoja: data itoke kwanza, kisanduku kitengenezwe baadaye.

## Kabla ya kuchagua, toa diski

Zima kila kitu, chomoa waya wa umeme, chukua maka na uandike 1, 2, 3, 4 kwenye diski kwa kufuata nafasi zake. Ndipo uzitoe. Wengi huiruka hatua hii. Ni kweli kwamba mifumo mingi huitambua diski kwa maandishi yaliyomo ndani yake hata ukibadilisha nafasi, lakini ikitokea diski moja ni mbovu, au kazi imehamia kwa fundi mwingine, namba hizo zitakuepusha na siku nzima ya kubahatisha.

Sasa washa kisanduku kikiwa kitupu. Kikiwaka kikatulia, kikabaki kulalamika tu kwamba hakioni diski, basi madabodi inaelekea ni nzima. Wa kushukiwa ni adapta isiyoweza kubeba mzigo, au diski moja yenye shoti inayowaangusha wenzake. Kikiendelea na vituko vilevile hata bila diski, wanabaki washukiwa wawili: adapta na madabodi.

Hapa naomba usikilize kwa makini. Usizirudishe diski zako moja moja ili kujaribu. Kisanduku kikiwaka kimeona diski mbili kati ya nne kinaweza kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba zile nyingine zimetoka kundini, na hapo tatizo la umeme linageuka kuwa tatizo la RAID, yaani mpangilio unaounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Ukitaka kujaribu kwa mzigo, tafuta diski kuukuu isiyo na kitu.

## Adapta: ya bei ndogo, na inayosahaulika

Kama ningeruhusiwa kupima kitu kimoja tu, ningepima adapta. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12, kisha ikishashika kasi hushuka chini ya nusu ampea au karibu na hapo. Diski nne zikianza pamoja, zinataka karibu ampea 8 kwa sekunde chache. Ndiyo maana adapta za visanduku vya diski nne huandikwa takribani ampea 8, na za diski mbili ampea 5 au 6. Adapta inapochoka, kapasita zake hukauka au kuvimba, na inashindwa hasa katika zile sekunde za mwanzo. Ukiipima bila mzigo inakuonyesha volti 12 safi kabisa.

Mtego uko hapohapo. Mafundi wengi huchomeka mita, wanaona 12, wanasema adapta nzima, wanahamia kwenye madabodi.

Kwa yule dada nilitumia balbu mbili za indiketa za gari, wati 21 kila moja. Balbu ya namna hiyo kwa volti 12 huvuta ampea 1.75. Bila balbu mita ilisoma 12.2. Balbu ya kwanza ikawaka vizuri, mita ikashuka hadi 11.6. Nilipogusisha ya pili, zote zikafifia na kuwa nyekundu kama makaa, mita ikaonyesha 8 na kitu, adapta ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena. Vituko vilevile vya kisanduku, bila kisanduku kuwepo mezani. Adapta inayotakiwa kutoa ampea 8 ilikuwa inashindwa na tatu na nusu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba diski hazihusiki kabisa wakati wa kupima. Hatari yake iko kwenye kununua. Kariakoo adapta za volti 12 zimejaa kwenye maduka ya kamera za CCTV, na muuzaji atakwambia, "Kaka, hii ni 12 volti, itaingia tu." Kuingia itaingia. Lakini plagi ya duara yenye pini nne haina mpangilio mmoja wa pini duniani kote. Kwa huyu chanya iko juu, kwa yule iko chini, na kisanduku kilichopigwa umeme kinyume hukiamshi tena kwa adapta. Kabla ya kuchomeka, pima pini za adapta ya zamani, chora kikaratasi, pima za mpya, linganisha. Zenye plagi ya tundu moja pia zina saizi mbili zinazofanana machoni, milimita 2.1 na 2.5. Ampea zikizidi zilizoandikwa hakuna tatizo. Zikipungua, umenunua tatizo lilelile upya.

## Madabodi: inawezekana, ila ujue unatengeneza nini

Kisanduku kikikataa hata kwa adapta nzuri, kuna mambo madogo ya kuangalia kabla ya kukata tamaa. Betri ya CR2032 kwenye modeli zenye prosesa za Intel na AMD: ikiwa chini sana ya volti 3, ibadilishe. Memori iliyolegea: itoe, safisha meno yake, irudishe. Kapasita zilizovimba kichwani zinaonekana kwa macho, na fundi wa redio yeyote mzuri anaweza kuzibadilisha.

Kuna ugonjwa mmoja, hata hivyo, unaostahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu umeua visanduku vingi na tiba yake imezungukwa na matumaini ya uongo. Januari 2017 Intel ilitoa marekebisho ya hati za prosesa za Atom C2000 na kuorodhesha hitilafu iliyopewa jina AVR54. Ndani ya chipu kuna saketi inayotoa mapigo ya saa kwa njia iitwayo LPC, ambayo mashine huitumia kusoma programu ya kuanzia. Saketi hiyo huchakaa kwa matumizi. Mapigo yanadhoofika mwezi hadi mwezi, hadi siku ambayo mashine ikizimwa haiwaki tena. Mwezi uliofuata Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, ikawatangazia wateja wake kwamba baadhi ya vifaa vyake vina kipuri chenye hitilafu ya saa, na kwamba vinaweza kuanza kufa baada ya takribani miezi 18. Kwenye NAS, modeli za kampuni ya Synology, DS415+, DS1515+ na DS1815+, zina prosesa ya familia hiyo, C2538. Synology ilirefusha dhamana ya modeli zilizohusika, lakini miaka hiyo imeshapita.

Dalili yake ni taa ya bluu inayopepesa bila kukoma, hata bila diski, hata kwa adapta mpya. Mafundi waligundua kwamba ukilehemu rezista ya omu 100 kwenye laini ile ya mapigo, ishara hupata nguvu ya kutosha na mashine inaamka. Rezista ni kitu cha shilingi mia chache. Kazi yenyewe, kwa mwenye mkono mtulivu na ncha nyembamba ya solda, haimalizi nusu saa.

Ukikikuta kinawaka asubuhi, kisanduku hicho kitakufurahisha. Lakini chipu iliyochakaa inaendelea kuchakaa. Rezista imeiongezea siku, haijairudishia ujana. Kwa hiyo kwangu mimi rezista ni njia ya kuingia ndani, kunakili kila kitu na kutoka. Anayelehemu kisha akarudisha kisanduku kazini kama nakala pekee ya picha za wateja wake amejipa muda tu, na hajui ni muda gani. Prosesa zilizorekebishwa zilikuja na toleo la C0. Ubao wenye toleo la zamani, B0, utabaki na ugonjwa wake.

## Kisanduku kingine cha chapa ileile

Kwa mtu asiyependa kuandika amri za kompyuta, hii ndiyo njia ninayomshauri, ingawa ndiyo inayochoma mfuko. Synology na QNAP, kampuni nyingine ya NAS, zote zina utaratibu wa kuhamisha diski kutoka modeli ya zamani kwenda mpya. Mfumo wenyewe, kwa Synology, umeandikwa kwenye sehemu ndogo ya mwanzo ya kila diski, na data iko kwenye sehemu kubwa inayofuata. Kisanduku kipya kinaziona diski, kinasema zimetoka kwenye mashine nyingine, kinakupa nafasi ya kuhamia na data yako. Masharti ni machache: nafasi za diski zisipungue, mpangilio ufuate namba ulizoandika, na modeli mpya iwe inaujua mfumo wa mafaili uliokuwa nao. Modeli nyingi ndogo za zamani za Synology zenye herufi j mwishoni hazifungui Btrfs, mmojawapo wa mifumo hiyo ya mafaili, kwa hiyo kununua kisanduku cha bei rahisi kunaweza kukuacha mlangoni na ufunguo usioingia.

Chapa tofauti usijaribu kabisa. Diski za Synology ukizitia kwenye QNAP, au kinyume chake, kisanduku kitaziona kama diski mpya na kukuomba ruhusa ya kuziandaa. Ukikubali, umefuta. Nimeona watu wakibonyeza hapo kwa sababu kitufe kilikuwa kikubwa na wao walikuwa wamechoka.

Jambo moja kwa wanunuzi wa sasa: mwaka 2025 Synology iliweka masharti makali ya chapa za diski kwenye modeli mpya za Plus, na Oktoba mwaka huohuo ikayalegeza kupitia toleo la 7.3 la DSM, mfumo unaoendesha visanduku vyake. Unaponunua kisanduku cha mwaka huo, hakikisha kinapata toleo hilo au jipya zaidi.

## Linux: kusoma diski bila kisanduku

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na sababu ni kwamba haikulazimishi kuamini kitu chochote kilichoharibika. Ndani ya visanduku vingi vya nyumbani kuna Linux, na RAID yake ni ileile ya mdadm, programu ya Linux ya kuunda RAID. Hata SHR, aina ya RAID ya Synology ambayo huuzwa kama kitu cha pekee, ni mdadm na LVM (programu ya kugawa nafasi ya diski) vimewekwa pamoja. Synology wenyewe wanatoa maelekezo ya kusoma diski kwa kompyuta yenye Ubuntu.

Unahitaji kompyuta ya mezani yenye soketi za SATA za kutosha na flashi yenye Ubuntu. Chomoa diski ya Windows kabla hujaanza, usije ukachanganya. Kama ni RAID 1 (diski zenye nakala ileile), diski moja tu inatosha; RAID 5 ya diski nne, tatu zinatosha. Kisha:

    sudo apt install mdadm lvm2
    sudo mdadm --assemble --scan --readonly
    cat /proc/mdstat
    sudo vgchange -ay
    sudo mount -o ro,noload /dev/vg1000/lv /mnt

Amri ya tatu ndiyo ya kusomwa kwa utulivu. Inakuonyesha makundi yaliyopatikana na alama kama [UUUU]. Kila U ni diski iliyopo, kistari ni inayokosekana. Jina kwenye mstari wa mwisho hubadilika: kuna mashine utakuta /dev/vg1/volume_1, na RAID ya kawaida isiyo na LVM mara nyingi ni /dev/md2 moja kwa moja. Neno ro ni kusoma tu, na noload ni la ext4, mfumo mwingine wa mafaili; kwa pamoja yanaizuia kompyuta isiandike hata herufi moja. Kwa Btrfs ondoa noload, acha ro. Usitumie neno la kulazimisha, --force, isipokuwa umeshapata nakala ya kila diski.

Ina mipaka, na ni bora uijue kabla hujaazima kompyuta ya jirani. Btrfs ya Synology mara nyingine hukataliwa na keneli (kiini cha Linux) mpya, ikafunguka kwa Ubuntu ya zamani kama 18.04. QNAP imeibadilisha LVM yake, kwa hiyo voliyumu zake nyingi hazifunguki kwenye Ubuntu ya kawaida. Mwenye QNAP nampeleka kwenye kisanduku kingine cha QNAP. Folda zilizofichwa kwa neno la siri zinataka neno hilo au faili la ufunguo, na bila hivyo hakuna fundi. Kisanduku cha WD My Book Live kiliandika ext4 kwa vipande vya kilobaiti 64, ambavyo kompyuta ya kawaida inakataa kuvipandisha. Hiyo husomwa kwa programu za fuse2fs au debugfs.

Kuhusu doki za USB, vile vifaa vya kuchomekea diski kwa waya wa USB, baadhi huitangaza saizi ya sekta tofauti na ilivyokuwa kwenye kisanduku, na diski nzima kabisa inaonekana tupu. Windows nayo itakuuliza kama unataka kuifomati. Ukiona hivyo usiamini ulichokiona; ichomeke diski kwenye SATA ya moja kwa moja uangalie tena.

## Maabara ya kuokoa data

Hapa sina maneno mengi. Diski ikigonga, ikikwaruza, au isipozunguka kabisa, iache. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na kila dakika ya kulazimisha inakwangua kitu kisichorudi. Kama inazunguka kimya lakini inasoma kwa kusuasua, programu ya ddrescue inaweza kuinakili sekta kwa sekta kwenye diski nyingine, ikiweka faili la ramani ili uendelee ulipoishia. Kama inagonga, hata ddrescue usiianzishe.

## Zikiwekwa pamoja

| Njia | Unachohitaji | Hatari kwa data | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Adapta | mita, balbu za gari | ndogo sana, ukipima pini | kila mtu, kwanza |
| Madabodi | solda, mkono mtulivu | ndogo diski zikiwa nje | mwenye nakala, au anayetaka kunakili na kutoka |
| Kisanduku cha chapa ileile | pesa | ndogo, ila ukikubali kuandaa upya umefuta | asiyependa amri, na mwenye QNAP |
| Linux | kompyuta, uvumilivu | ndogo sana kwa kusoma tu | mwenye ext4 au SHR, asiye na nakala |
| Maabara | pesa nyingi | inategemea diski | diski inayogonga |

Kwa mtu aliye Mtwara au Kigoma, mbali na maduka ya vipuri, ningeipandisha Linux juu zaidi, kwa sababu kompyuta kuukuu inapatikana popote, wakati madabodi ya NAS itabidi iagizwe. Kwa ofisi ambayo watu kumi wamekaa wanasubiri mafaili, ningenunua kisanduku kingine siku hiyohiyo na kuacha ubishi.

## Ilivyoishia kwa yule dada

Adapta mpya ilikiamsha kisanduku kitupu. Kabla ya kurudisha diski nilizisoma zote nne kwenye kompyuta kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski. Tatu kati yake safi, ila ile namba 3 ina sekta mbovu kadhaa. Tukazirudisha kwa namba zake, kikawaka, kikapiga king'ora: kundi halijakamilika, diski namba 3 imeachwa nje. Kwenye skrini palikuwa na kitufe cha kurekebisha.

"Nibonyeze?" akauliza, kidole kikiwa tayari kwenye mausi.

Nikamwomba asubiri. Kujenga upya kundi la RAID 5 kunasoma diski tatu zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hizo zilinunuliwa siku moja na ile mbovu. Kama mojawapo ingekwama katikati, harusi tatu zingekwenda nazo. Kisanduku kilikuwa kinawaka na mafaili yanasomeka, kwa hiyo tukachomeka waya wa mtandao wa gigabiti na kunakili kwanza. Terabaiti moja kwa njia hiyo huchukua takribani saa mbili na nusu. Alikuwa nazo mbili na ushee. Alikaa hapo hadi baada ya magharibi, akifungua picha moja moja kwenye diski ya nje kuhakikisha zinafunguka: bibi harusi, kamati, sahani za pilau, wazee wamekaa mstari wa mbele. Ndipo tukaingiza diski mpya mahali pa namba 3 na akabonyeza mwenyewe.

Kesho yake kundi lilikuwa limekamilika. Aliondoka na kisanduku kwenye kanga ileile, na diski ya nje kwenye mkoba wake, akiipeleka nyumbani kwa mama yake Mbagala ikakae kabatini.